Gazeti Juu ya Sinia la Posa

Schaerbeek, 9 Septemba 2024

Kaka yangu Kassimu,

Assalaam alaykum, wewe na wote wanaolala chini ya bati lako hapo Buyenzi. Wifi yangu mgongo wake vipi? Mwambie asiinue ndoo, ana mabinti wakubwa, wainue wao. Nimesikia ziwa limepanda tena, limeingia mpaka kwenye nyumba za watu, nikakaa na hofu, ingawa najua ninyi mko mbali na maji. Si unanijua? Hofu yangu inaanza kabla ya jambo lenyewe.

Sisi wazima. Binti yetu Yasmina anaingia mwaka wa mwisho wa uuguzi. Magoti yangu yanasumbua lakini kazi naenda, kulekule Woluwe kwenye nyumba ya wazee, nawaogesha, nawalisha, wananiita kwa kengele. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu katika nyumba hii haina siri. Lukman akisikia jina la Aïcha anatoka chumbani kama ameitwa yeye.

Bon, jambo ni hilohilo. Nenda sasa ukapeleke posa ya Aïcha kwa baba yake, Mzee Kadiri. Baba yake Lukman hayupo, Mungu amrehemu, baba ni wewe. Watoto wameongea kwenye simu kwa adabu, mama yake Aïcha amekaa pembeni anasikiliza, tunangoja nini tena? Najua Mzee Kadiri anauliza: kijana huyu ni nani, ametoka hapa amebebwa mgongoni, amekulia Ulaya, nani anajua amekuwa mtu gani. Basi safari hii jibu ninalo. Fungua bahasha ile ndogo, polepole, usichane.

Umeona? Ni Lukman! Kwenye gazeti, Kaka, gazeti la Wabeljiji, foto kubwa hivyo!

Mzee Sultani amefariki, yule aliyekuwa anauza vitenge Buyenzi zamani kabla ya vita. Tumemsalia msikitini kwetu hapa, vijana wakamtoa nje mabegani, Lukman mbele, mimi nimesimama ng'ambo ya barabara na kina mama wenzangu. Palikuwa na mzungu mmoja na kamera. Nilidhani mtu wa komine, wa serikali ya mtaa, sikusema kitu. Kumbe wa gazeti! Mzee Sultani alijulikana hapa, ndiyo maana wamemwandika. Hapo Lukman ameinua mkono anashika jeneza, mdomo wazi anasema laa ilaaha illallah na wenzake. Jeneza halionekani, wamelikata juu. Nadhani ni heshima yao, hawapendi kuonyesha maiti gazetini.

Nililikuta kwenye meza kazini, mgeni mmoja kaliacha. Nikamwuliza Madame Rolande, bibi ninayemwogesha, limesema nini. Akavaa miwani, akavua. "Ah, hiki Kiflamandi, mimi sikijui." Amezaliwa Brussels, amezeekea Brussels, lugha ya nusu ya nchi yake haijui! Tulicheka. Akaniazima mkasi wake.

Lukman hajaliona. Nataka asikie sifa kwanza kutoka kwa wakwe. Euphrasie anasafiri kesho, nampa mkononi. Liweke juu kabisa ya sinia, juu ya kitenge cha mama mtu, waanze kuliona hilo. Waambie: huyu ndiye, anabeba wazee wa watu mpaka wazungu wanaandika.

Mdogo wako,
Mwanakombo

*

Buyenzi, 27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Mwanakombo,

Wa alaykum salaam. Bahasha imefika inanukia sabuni za Euphrasie. Wifi yako anainua ndoo kama kawaida, ukimkataza anainua mbili. Petroli hakuna, mji mzima unatembea kwa miguu, hata wakubwa, tunaamkiana njiani kama enzi za babu zetu.

Posa imekwenda. Kaa chini nikuhadithie.

Tulitoka Ijumaa baada ya alasiri, mimi, imamu na wazee wa mtaa, kina mama nyuma na sinia kichwani. Kitenge, kanga, halua, udi, kila kitu. Na gazeti lako juu. Wifi yako alilitia kwenye nailoni akashona pembe zote, lisipate vumbi. Mzee Kadiri alipofunua akarudi nyuma.

"Nani huyu? Waziri?"

"Mkweo," nikamwambia.

"Wallahi?" Akaliinua kwenye mwanga kama anavyoinua kitambaa kabla ya kukata. Cherehani imemwachia macho hayo. "Kifaransa gani hiki? Mimi nilikaa shuleni kwa mapadri, hata neno moja silipati."

Imamu akasema ni Kijerumani. Mzee mwingine akasema, "Kizungu ni Kizungu. Foto ndiyo inayosema."

Nyuma ya pazia shangazi yake Aïcha akachungulia. "Mbona kijana amefungua mdomo hivyo? Ana njaa?"

Watu wakaangua kicheko. Nikasema, "Anabeba maiti, shangazi, anataja jina la Mungu."

"Na maiti yuko wapi?"

"Wamemkata. Heshima ya kule."

"Haya. Kila watu na adabu zao."

Vigelegele vilipigwa, sherbeti ikanywewa. Mzee Kadiri hakulirudisha gazeti kwenye sinia, alilishika mkononi mpaka tunaondoka. Sasa limetundikwa dukani kwake, juu ya cherehani. Kila anayekwenda kupimwa suruali anamwona Lukman. Kinyozi naye amelipiga foto kwa simu.

Jibu atatoa akishashauriana na ndugu zake, pamoja na mpwa wake aliyeko huko kwenu, Antwerp. Hayo ni ya desturi, usianze hofu zako.

Ila mbona Lukman hapokei simu zangu? Mwambie bwana harusi hajifichi kwa mjomba.

Kaka yako,
Kassimu

*

Schaerbeek, 18 Novemba 2024

Kaka,

Salaam nyingi kwako na kwa wifi. Barua yako nimeisoma nimesimama. Wote wazima. Yasmina mzima. Lukman mzima, amepumzika kidogo kazini, donc yupo nyumbani, ananipikia.

Nina ombi moja. Lile gazeti lichukue. Nenda kwa Mzee Kadiri leo hii, usingoje Ijumaa. Mwambie mama Lukman analitaka kwa ukumbusho, sema lolote. Alitundue. Mtu mwingine asilione tena, na kinyozi afute foto yake. Lina kosa kidogo ndani, si kubwa.

Usinipigie simu kuniuliza. Posa iendelee kama ilivyo.

Hapa giza linaingia mapema siku hizi, naondoka kazini taa zinawaka. Kuleni vizuri.

Mwanakombo

*

Buyenzi, 12 Januari 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Mvua imetushika, lakini maharage yamestawi. Binti yangu mdogo ameanza kusoma Kurani bila kumwaga machozi. Wifi yako anakusalimu.

Kwa Mzee Kadiri nilikwenda. Gazeti sikulipata. Ukutani halipo. Yeye mwenyewe amekwenda Rumonge kuangalia michikichi yake. Mkewe alinipa chai lakini hakukaa nami. Aïcha hakutoka kunisalimia, labda ana mafua, watu wengi wana mafua.

Posa iko vizuri. Bado wanashauriana.

Mwanakombo, mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu. Kosa dogo halimfanyi mtu asome barua amesimama. Limeandika nini lile gazeti? Niandikie wewe, nisisikie kwa watu. Mbebaji wa barua hii ni Jean-Baptiste, mtu wa kwaya, hafungui bahasha za wenzake. Mpe jibu akirudi.

Kassimu

*

Schaerbeek, 16 Februari 2025

Kaka Kassimu,

Wa alaykum salaam na rehema za Mungu. Jean-Baptiste ana dawa ya wifi ya kuchua mgongo, apake akiwa karibu na jiko. Yasmina amefaulu mitihani ya Januari. Habari nzuri ni hizo, zimekwisha.

Mzee Sultani hayumo kwenye lile gazeti. Hata jina lake halimo.

Na sikujulishwa na mwanangu. Nilijulishwa na Lucienne, jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mkristo wa Lubumbashi. Binti yake Keren hatembei, anapanda lile gari dogo la shule ambamo Lukman alikuwa anawafunga watoto mikanda na kuwashusha na viti vyao vya magurudumu. Tukakutana kwenye ngazi, nimebeba viazi.

"Maman Lukman, mutoto yako balimufukuza ku kazi na weye unanyamaza tu?"

"Kazi gani? Si ametoka asubuhi hii, nimemfungia chakula mwenyewe!"

Akaniangalia, akaweka mfuko wake chini. "Ee, maman. Tokea mwezi wa kenda haiko mule mu bus. Bazazi ba batoto balipitisha karatasi, baliniletea na mie nisaini. Nikabaambia, nisaini nini? Keren anaulizaka kila siku Lukman iko wapi! Alors bakanionyesha gazeti. Mie sikusaini, maman. Lakini bengine balisaini bote."

Tangu mwezi wa tisa, Kaka. Kila asubuhi anachukua chakula nilichompikia, ananiaga, anakwenda kukaa kwenye bustani ya Josaphat mpaka saa ya kurudi kutoka kazini. Baridi ile. Na mimi namwambia, mwanangu, kazi inakukondesha.

Alipoingia siku hiyo nilimwuliza. Akakaa chini, chini kabisa, kwenye zulia.

"Waliniwekea gazeti mezani, maman. Wakaniuliza, huyu ni wewe? Nikasema ni mimi. Wakasema, kaa nyumbani mpaka mambo yatulie. Sikutaka ulione."

Nikamwambia nililiona. Nikamwambia nililikata kwa mkasi wa Madame Rolande, na lilipo sasa. Kwenye sinia la posa yake. Kaka, alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, Yasmina akamletea maji, akayashika tu anaendelea kucheka, mimi naomba moyoni, Mola wangu, bora alie.

Yasmina ana Kiflamandi cha shule, akalitafuta kwenye intaneti akatusomea. Kichwa chake kinasema chuki iko nyuma ya mlango wa jirani yako. Ni habari za mtu mmoja aliyekamatwa mji mwingine kabisa, anayefundisha vijana kuchukia watu. Msikiti wetu hauna neno naye. Lakini foto waliyoweka ni ya mwanangu, mdomo wazi, mkono juu kama ngumi. Chini yake wameandika: vijana nje ya msikiti, Schaerbeek. Basi, hayo tu.

Tulikwenda kwenye ofisi ya gazeti, mimi na Yasmina. Nilivaa mtandio wangu wa Idi. Akatupokea bwana mpole, akatupa kahawa, akaongea Kifaransa.

"Madame, foto hii ni ya mfano tu. Hatukusema mwanao amefanya kitu."

"Mfano wa nini?"

Akasogeza kikombe chake. Kisha akauliza, "Alikuwa nje ya msikiti?"

"Ndiyo."

"Msikiti uko Schaerbeek?"

"Ndiyo."

"Basi tulichoandika chini ya foto ni sahihi."

Nikamwambia nionyeshe foto yote. Akatafuta kwenye kompyuta, akaipata. Alikuwemo, Kaka! Mzee Sultani alikuwemo, juu ya mabega yao, amefunikwa kitambaa cha kijani, na nyuma yake kuna mjukuu wake analia. Yule bwana akaiangalia, na mimi nikamwangalia yeye. Mwisho akasema, "Ilikuwa pana mno kwa ukurasa."

Wakaandika masahihisho. Mistari miwili, ndani huko, chini ya matangazo ya magari, bila foto. Halafu simu ikaja, wanataka kuja nyumbani niwaeleze maisha ya mama Mwislamu, wanipige foto nimekaa dirishani. Nikamwambia Yasmina awajibu, foto ya kwetu mnayo moja, imetutosha.

Ile mistari tuliipeleka kazini kwa Lukman. Walituamkia vizuri. Walisema wameelewa kabisa, lakini watoto sasa wamemzoea mtu mwingine. Lucienne aliposikia alisema Keren hajamzoea mtu yeyote.

Kaka, nenda kwa Mzee Kadiri umsomee barua hii yote, hata pale nilipojiaibisha. Asikie kwetu kabla ya kusikia kwa mwingine.

Mwanakombo

*

Buyenzi, 6 Aprili 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Mungu akutakabalie funga yako. Idi tulisalia uwanjani, jua kali, watoto na nguo mpya. Tulikula pilau, na sehemu yako wifi aliiweka pembeni kama anavyofanya kila mwaka, halafu akala mwenyewe.

Sasa na mimi niseme. Nilipokuandikia Januari, sinia lilikuwa limesharudi. Walilileta kina mama kwa mlango wa uani, bila kelele, halua haijaguswa, kitenge kimekunjwa vilevile. Yule mpwa wa Antwerp alikuwa amewasomea gazeti kwa simu, neno kwa neno, tena kwa sauti, dukani, kuna watu. Nilishindwa kukuandikia hayo. Nikakuandikia mafua.

Barua yako nilimpelekea Mzee Kadiri. Tulikaa dukani, akafunga mlango, nikamsomea yote. Nilipofika kwa Mzee Sultani na kitambaa cha kijani alivua kofia.

"Kassimu," akasema, "mimi nimeshona sanda za watu na suti zao. Mtu aliyebeba mzigo begani namjua, kitambaa kinakaa vingine. Siku ya kwanza nilijua huyu kijana amebeba kitu. Sina shaka naye."

"Basi sinia umerudisha kwa nini?"

"Kwa sababu Aïcha hataishi na mimi na wewe. Ataishi na waliolisoma. Atapanda tramu nao. Atajifungua mikononi mwao. Sisi tunaojua tuko huku, na wale wasiojua ndio majirani zake. Ungekuwa binti yako?"

Nilikoroga chai, Mwanakombo. Nilikoroga mpaka ikapoa.

Halafu akasema hivi, naandika kama alivyosema: "Akimtaka, aje mwenyewe. Aje akae hapa. Nimtazame, nile naye, ndipo nitasema ndiyo au hapana. Kama kazi ipo au haipo, tutaona. Lakini binti kumpeleka huko, hapana."

Nikasimama kuaga. Aïcha alikuwa mlangoni, amesikia yote. Mbele ya baba yake akaniambia, "Tonton Kassimu, mwambie Lukman mimi sijarudisha kitu." Baba mtu akajifanya anatafuta sindano.

Sikushauri lolote. Najua unaombwa nini. Ulimbeba mtoto huyu mgongoni usiku ule risasi zinalia ili asiishi hapa, na sasa unaambiwa umrudishe hapa kwa mikono yako. Jibu ukiwa tayari.

Kassimu

*

Schaerbeek, 22 Juni 2025

Kaka yangu Kassimu,

Assalaam alaykum. Nisamehe ukimya wangu. Yasmina amemaliza, amepata kazi hospitali, nimelia mpaka akanikataza. Madame Rolande amefariki, alikwenda polepole, nilikuwa nimemshika mkono. Wifi amenitumia ndagala, vile vidagaa vya ziwa letu, kwa mtu wa Uvira, nimezikaanga, majirani wote wamefungua madirisha.

Barua yako ilikaa kwenye begi langu la kazi, chini ya viatu. Sikumpa Lukman. Nilikuwa nimeshaandika jibu, lilisema hapana. Lilisema watafute mwingine na sisi tutatafuta mwingine. Nilisema moyoni, huku ana hospitali, ana karatasi za kukaa, ana dada yake, ana mimi. Kule hata njia ya sokoni haijui. Anachojua ni Kiswahili changu na Kirundi cha kuombea maji.

Halafu siku moja tulipanda tramu pamoja kwenda kumnunulia Yasmina viatu. Nikawa namweleza vituko vya kazini, vya kuchekesha. Nikaona anaweka mkono mdomoni. Nikadhani anapiga mwayo. Nikaongea tena, akanijibu, mkono uko palepale. Anaongea na mimi amejiziba mdomo, Kaka, kama mzee aliyeng'oka meno. Nikamwuliza, jino linakuuma? Akasema hapana, maman. Akashusha mkono. Mama mmoja akaingia na mtoto, Lukman akaurudisha. Hakujua hata kwamba ameurudisha. Nilipouliza Yasmina akasema, "Ni muda mrefu, wewe hukuwa unaona." Barabarani hafungui mdomo wake wazi tena, hata kucheka, hata kula mkate.

Tuliporudi nilitoa viatu vya kazi kwenye begi langu, nikampa barua yako.

Aliisoma jikoni, mgongo wake tu ndio nauona. Pale kwa Aïcha alirudia, nilijua kwa sababu alichelewa kufunua ukurasa. Kisha akauliza kitu kimoja tu: "Na wewe, maman?"

Nikamwambia mimi nina wazee wangu wa Woluwe, wananiita kwa kengele, siwezi kuwaacha. Alijua naongopa. Akaniacha niongope.

Lucienne alimleta Keren kuaga. Mtoto alikataa kumpa mkono, amekasirika, akageuza kiti akaangalia ukuta. Lukman akamfunga mkanda wa kiti uliokuwa umelegea, akamwambia, "Usimsumbue mama." Basi wakaondoka.

Kaka, barua hii hajaibeba Euphrasie wala Jean-Baptiste. Inua macho umtazame aliyekupa. Ndiye huyo. Amekonda, lakini si mgonjwa. Chumvi hapendi nyingi. Atakuambia amezoea kila kitu kabla hajazoea. Nenda naye kwa Mzee Kadiri, mwache aongee mwenyewe, wewe usimsemee, hata akichelewa kujibu. Mzee akisema hapana, msikilize, ni haki yake, lakini Lukman usimrudishe. Mtafutie kazi yoyote yenye watoto, anawajua watoto.

Na mimi nitapiga simu. Najijua. Nitalia, nitakwambia nimekosea, mpandishe ndege, mwanangu arudi. Siku hiyo usinisikilize. Niulize nimekula nini, kisha ukate.

Mwambie wifi asimwamshe mapema. Ni muda mrefu hajalala vizuri.

Mdogo wako,
Mwanakombo